Safari ya siku sita kupiga picha za mwili na mandhari, Isimila hadi Matema: naomba ushauri

FundiPicha Uyole, 9 Februari

Wakuu habari za jioni. Wakubwa zangu shikamooni.

Nina studio ndogo hapa Uyole, hatua chache kutoka njia panda ya kwenda Tukuyu. Huu ni mwaka wa kumi na moja. Kinacholisha nyumba ni picha za pasipoti, send-off, harusi, kipaimara na mahafali. Siidharau kazi hiyo hata kidogo, imenisomeshea wadogo zangu wawili. Lakini iko kazi nyingine niliyoibeba moyoni tangu nikiwa kijana wa kumshikia mtu fleshi: kupiga picha mwili wa binadamu ukiwa ndani ya nchi hii ya kwetu. Mtu na jiwe. Mtu na ukungu. Mtu na maji. Sizungumzii mtu kusimama mbele ya mlima akatabasamu, ile ya kalenda ya ukutani. Nataka ukitazama picha usijue mara moja mgongo unaishia wapi na kilima kinaanzia wapi.

Nimeweka akiba, shemeji ananiazima Noah, na modo ninao wawili. Mmoja ni dada wa miaka 27 anayecheza ngoma za asili, mwingine kijana wa miaka 24, fundi seremala aliyekulia kwenye mbao za Mafinga. Tumeshakaa kikao mara tatu nyumbani kwangu, mke wangu akiwepo. Uchi hakuna, nalisema mapema ili tusizunguke. Tunavaa kaniki, mashuka mawili meupe, na mgolole mmoja aliouacha babu wa mke wangu kule Kalenga. Kitakachoonekana ni mgongo, mabega, mikono na miguu, kama anavyoonekana mtu anayelima au anayevuta nyavu.

Njia niliyopanga: siku ya kwanza Isimila, kwenye zile nguzo za udongo na mchanga. Ya pili tunarudi taratibu kupitia mashamba ya chai ya Mufindi, tunalala Makambako. Ya tatu na ya nne Kitulo, tunapandia Chimala kwenye zile kona hamsini na saba. Ya tano Ziwa Ngosi. Ya sita maporomoko ya Kaporogwe, halafu tunashuka Kyela mpaka Matema.

Wasiwasi wangu ni huu. Kitulo sasa hivi ina maua, na yatakuwepo mpaka Aprili hivi, lakini ndio mvua yenyewe. Nikisubiri Juni barabara zimekauka, ila nasikia asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa baridi, na hawa watu watakuwa pekupeku. Niende lini? La pili ni wanavijiji. Miaka minne iliyopita nilimpeleka bibi harusi kwenye maporomoko fulani bila kupita kwa mwenyekiti wa kijiji. Tulizungukwa na vijana, nikaamriwa kufuta picha zote, nikafuta, bibi harusi analia ndani ya gari. Kosa lilikuwa langu na sitaki kulirudia. La tatu ni mwanga. Ukumbini nimezoea kubeba mwanga wangu kwenye begi. Huko sitaki kubeba fleshi kabisa, nataka nitegemee jua na mawingu.

Aliyewahi kuzunguka hivi anisaidie.

Dereva wa Tanzam, 9 Februari

Ndugu, njia hiyo nimeiendesha tangu 2004, kwanza na lori, sasa nabeba wageni. Hesabu yako ya siku haikai. Siku ya sita umeweka Kaporogwe na Matema pamoja. Utafika Matema usiku, umechoka, hujapiga kitu. Fanya siku nane au punguza sehemu.

Chimala kupanda Matamba na Noah mwezi huu usithubutu. Udongo ule ukilowa ni sabuni, na kona zile ukiteleza hakuna cha kukushika. Kama ni lazima, zungukia Isyonje kwenye barabara ya Tukuyu, upande kwa Kikondo. Hata huko, mvua ikishika unataka gari inayovuta miguu yote minne. Juni Noah inapita ukienda kwa adabu.

Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, iko chini ya TANAPA. Kiingilio ni kitu kimoja, kupiga picha za kazi ni kitu kingine na kina kibali chake. Waandikie mapema, ueleze ukweli wa unachofanya, uende na barua mkononi. Droni usibebe kama huna kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, utaacha mashine getini.

Ngosi watu wanadhani gari linafika. Gari linabaki chini upande wa Isongole, juu ni mguu, msituni, mianzi na migomba pori, saa moja na nusu mpaka mbili kwa mtu wa kawaida, na mwishoni mnashika mizizi. Modo wako atafika ukingoni ana jasho mgongo mzima na upepo unamsubiri pale. Lifikirie hilo.

Na Daraja la Mungu, lile daraja la mwamba la asili juu ya mto Kiwira, mbona umeliruka? Liko njiani. Kijungu nacho kiko hapo, ila ni eneo la chuo cha Magereza, mnajiandikisha na mnaelekeza kamera pale mnapoambiwa tu.

Mzee wa Ilomba, 10 Februari

Mwanangu, nimesoma maneno yako na nimeona una heshima, ndiyo maana najibu. Mimi ni mzee wa kanisa na nina mabinti wanne. Leo unasema kaniki, kesho kaniki imeteleza begani, keshokutwa picha iko kwenye simu za watu mpaka Tunduma. Binti huyu ana wazazi? Umewaona? Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haichezi na picha za aibu, na wewe ukisema ni sanaa, yule anayeisoma sheria anaweza asikuelewe.

La Ngosi ndilo limenigusa zaidi. Ziwa lile wazee wa Kisafwa na wa Kinyakyusa wanaliheshimu tangu zamani. Siyo mahali pa kwenda kulaza mtu juu ya jiwe ili mgongo wake ufanane na kilima. Nakuambia kwa upendo.

FundiPicha Uyole, 10 Februari

Shikamoo baba. Asante kwa kunijibu kama mtoto wako.

Wazazi wa dada sijawaona, na umenikumbusha jambo nililopaswa kulifanya kabla ya kuweka mada hii. Jumamosi nakwenda. Kuhusu Ngosi, sitapiga picha ya mtu pale mpaka niwaulize wenyeji wa pale, na wakisema hapana, basi ni hapana.

Dereva, ndaga fijo, asante sana. Nimeshafuta Chimala. Siku nitaongeza.

Modo wa Gangilonga, 11 Februari

Kamwene kaka. Nimekaa mbele ya kamera na mbele ya wachoraji miaka minane, hapa Iringa na Dar. Nimesoma mada yote. Mmezungumza barabara, vibali, mvua, fleshi, mzee amezungumza sheria. Hakuna hata mmoja aliyeuliza modo anavaa nini kati ya picha na picha.

Nina kovu kwenye goti la kushoto. Mpiga picha mmoja alinisimamisha juu ya jiwe katikati ya kijito, maji ya baridi, akawa anasema "moja tu ya mwisho". Ya mwisho ilikuwa kama ya ishirini. Miguu iliacha kusikia jiwe, nikaanguka. Alikuja kunitazama baada ya kuiweka kamera kwenye begi lake na kufunga zipu. Ile sauti ya zipu sijaisahau.

Kwa hiyo nakuomba haya, na nayasema kwa sababu unaonekana mtu wa kusikia. Beba blanketi la kila mmoja, lake peke yake, na soksi nene za sufu, na chupa mbili za chai ya tangawizi. Mnapofika mahali, asiyevaa joto asishuke kwenye gari mpaka wewe umeshapanga stendi, umeshachagua lenzi, umeshapima mwanga kwa kumsimamisha mtu mwingine aliyevaa koti. Muda wa pekupeku mkubaliane kabla, kwa dakika, na saa ashike mtu ambaye siyo wewe. Wewe ukiwa nyuma ya kamera huna saa.

Mchukue mwanamke mtu mzima aende naye. Siyo mke wako, atakuwa upande wako. Shangazi yake, mama yake mdogo, mtu atakayeweza kukwambia "baba, imetosha" na ukaogopa.

Mkataba uandikwe kwa Kiswahili ambacho seremala wako atakisoma mwenyewe bila kutafsiriwa. Picha zitakwenda wapi, ukutani, kwenye mtandao, kwenye maonyesho, kila moja ipate sahihi yake. Sasa hivi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ridhaa ya mtu siyo jambo la mdomo tu. Siku ya mvua mlipe ile ile, hakuiagiza mvua. Na kila jioni mkae mtazame picha zote pamoja, na asiyoitaka ifutwe hapo hapo hata kama wewe unaipenda kuliko zote. Hasa kama unaipenda kuliko zote.

Chumba cha Giza, 11 Februari

Huyu binti wa Gangilonga amesema, na mimi nimesimama kumpigia makofi hapa nilipo.

Nilifundishwa kuosha filamu 1981, chini ya taa nyekundu, nivumilieni nikienda kwa urefu. Picha za namna hii zina wazee wake. Edward Weston, Mmarekani, alimpiga picha Charis Wilson akiwa uchi kwenye vilima vya mchanga vya Oceano, California, mwaka 1936, na hizo ndizo zinazotajwa kila mahali. Mwaka uliofuata alipata ufadhili wa Guggenheim, fedha ambazo mfuko wa Marekani huwapa wasanii na wasomi, mpiga picha wa kwanza kuupata, wakaingia barabarani. Weston hakuwa dereva. Gari aliendesha Charis, shajara ya safari aliandika Charis, hata maombi ya ufadhili Charis alishiriki kuyaandika. Katika safari hiyo, kwenye Ziwa Ediza huko milima ya Sierra Nevada, alimpiga picha moja ambayo mimi naiweka juu ya zile za mchanga. Charis amekaa ameegemea mwamba, buti miguuni, kichwa kimezungushiwa kitambaa kwa sababu ya mbu, amechoka hasa. Ngozi unaiona usoni na mikononi tu. Na bado ile ni picha ya mwili, maana unauona uzito wote ulivyoegemezwa kwenye jiwe. Kwa hiyo kaniki yako isikutie unyonge hata kidogo.

Yuko pia Arno Minkkinen, mzaliwa wa Helsinki, ambaye kwa zaidi ya miaka 40 amekuwa akijipiga picha mwenyewe, mkono ukichomoza ziwani, miguu ikitoka kwenye theluji. Amewahi kueleza kwamba picha zake nyingine zina hatari, na hataki mtu mwingine aumie kwa ajili yake. Fundi, kabla hujamwambia mtu asimame majini, vua viatu usimame wewe.

Sasa mwanga. Isimila uko ndani ya korongo, jua la asubuhi likiwa chini linagusa vichwa vya nguzo tu, huku chini ni kivuli. Usihangaike nalo. Kivuli cha korongo kina mwanga mwingi laini unaorudi kutoka kwenye kuta, na ngozi zetu zinaupenda. Ngozi nyeusi kwenye mwamba mweusi, kama kule Daraja la Mungu, haitaki mwanga mwingi bali mwanga wa pembeni. Paka mafuta ya nazi kidogo kwenye bega na uti wa mgongo, utaona mstari wa nuru unajichora wenyewe. Kwenye ukungu kamera itakudanganya, itafanya kila kitu kijivu. Ongeza mwanga hatua moja zaidi ya inavyokuambia. Na shuka jeupe kwenye ukungu linapotea, kaniki ndiyo itasimama.

Lenzi ya milimita 85 ya harusini, ile inayovuta karibu, iache kwenye gari. Itakupa mtu bila nchi. Chukua ya 35 inayoona pana, usogee kwa miguu.

Matema usiamke alfajiri kusubiri jua. Milima ya Livingstone imelikinga upande wa mashariki, na mpaka lipande ukuta ule, ufuko uko kivulini muda mrefu huku anga limeshang'aa. Hicho kivuli ndicho mwanga wako.

FundiPicha Uyole, 21 Juni

Wakuu nimerudi, na mada naifufua mwenyewe kwa sababu mlinipa muda wenu na mnastahili kujua kilichotokea.

Tumekwenda siku nane, mwanzoni mwa Juni. Tulikuwa watano: mimi, modo wawili, kijana wangu wa studio, na shangazi wa dada, mama wa miaka 58 kutoka Masoko, Rungwe. Wazazi wa dada nilikwenda kuwaona mara mbili. Mara ya kwanza baba yake hakusema kitu, alinisikiliza akasema nirudi. Mara ya pili shangazi alikuwa ameshakaa kwenye kiti, na baba akasema, "Huyu ndiye atakayekwenda." Mkataba tuliandika kurasa mbili, seremala aliusoma kwa sauti mbele yetu wote.

Isimila tulifika saa mbili asubuhi. Kila alichosema mzee wa Chumba cha Giza kuhusu korongo ni kweli. Mtunza kituo alitukataza kugusa nguzo, ni udongo wa mchanga unaomomonyoka na zana za mawe za watu wa kale zimelala palepale, kwa hiyo seremala alisimama kati ya nguzo mbili amejifunga mgolole, mikono juu, hajagusa popote. Nilipiga kwa 35 nikiwa nimelala chini. Kwenye picha tatu unaona nguzo tatu, na ya katikati inapumua. Nimeridhika nazo mpaka sasa.

Mufindi hatukupata kitu. Chai ni nzuri kwa macho lakini mwili ukiingia kati ya mistari ile unaonekana kama mtu aliyepotea shambani.

Kitulo ndiko nataka kukaa kidogo.

Tulilala Matamba. Tulipandia Chimala, dereva nisamehe, lakini ilikuwa kavu na tulikwenda mchana kwa gia ya kwanza na ya pili. Kibali nilikuwa nacho, na askari wa hifadhi alikuwa nasi muda wote. Saa kumi na moja na nusu alfajiri tulikuwa kwenye uwanda, gizani, na nilipotembea nilisikia nyasi zinavunjika chini ya buti kama chumvi ya mawe. Maua hayakuwepo. Nilivua viatu nikasimama mimi, kama nilivyoelekezwa. Nilihesabu mpaka mia na ishirini, maumivu yakapanda mpaka kwenye magoti. Tukakubaliana dakika tatu, si zaidi. Saa ilikuwa mkononi kwa shangazi.

Jua lilitokea saa moja kasoro kidogo. Dada alishuka kwenye gari na kaniki, akatupa soksi, akatembea hatua kama thelathini akageuka akanipa mgongo. Nyuma yake uwanda wote mweupe, na mvuke ukaanza kupanda kwenye nyasi pale mwanga ulipogusa. Sijawahi kuona kitu kama hicho tangu nianze kushika kamera. Shangazi akasema, "Tatu." Nikasema, "Shangazi, moja tu."

Nililisema neno lile lile. Nililisoma hapa kwenye mada hii, nikaapa moyoni, na likatoka kinywani mwangu mwenyewe.

Nilipiga tisa. Shangazi hakunisubiri, alikwenda kwa miguu yake na blanketi, akamkuta dada hawezi kutamka neno, taya zinagongana. Akamketisha palepale juu ya blanketi, akafungua sweta lake, akaivuta miguu yote miwili akaiweka tumboni kwake, ngozi kwa ngozi, akafunika na kitenge. Vidole vya miguu vilikuwa vimepauka kama majivu. Alikaa hivyo kimya, anamsugua visigino, na jua linapanda. Mimi nilisimama na kamera shingoni. Nilipochuchumaa kuomba msamaha, shangazi alinitazama akasema kwa upole kabisa, "Baba, kamletee chai." Nikaenda kuleta chai. Siku ile hatukupiga tena, na malipo ya siku nilitoa kamili kwa wote.

Ngosi nilifanya kama nilivyomwahidi mzee wa Ilomba. Kabla ya kupanda tulipita kijijini, na mzee mmoja pale akasema ziwa pigeni, watu wakitembea pigeni, mtu kulala ukingoni hapana. Tukapanda, tukalitazama, nikapiga maji peke yake. Ni maji ya kijani kizito, chini kabisa, kimya. Hatukuongea wakati wa kushuka.

Kaporogwe mambo yalibadilika. Dada mwenyewe aliniambia, "Leo nachagua mimi pa kusimama na nasimama mpaka nitakapotoka." Pale unaweza kupita nyuma ya maji, kuna uwazi kama pango. Akaenda kule nyuma, mahali nilipokuwa simuoni vizuri, na nikajua nikimwambia asogee nitaharibu. Nikaweka stendi, robo ya sekunde, nikasubiri. Maji yakifunguka kidogo unaona bega, yakifunga hakuna mtu. Alikaa kule dakika sita, akatoka anacheka, amelowa, akasema maji yale si ya baridi kama alivyodhani. Kwa picha zote za safari, mbili za pale ndizo zitakwenda ukutani kwangu kwanza.

Matema tulikaa siku mbili, nikapata jambo ambalo sikulipanga. Jumamosi tulikwenda mnadani Lyulilo kwenye vyungu vya Wakisi. Mama mmoja alikuwa anamalizia kulainisha shingo ya chungu kwa kitambaa cheusi kilicholowa. Udongo ulikuwa umekaukia kwenye viganja na vifundo vyake, umepasuka mistari midogo midogo, na kila alipokunja mkono ile mistari ilifunguka ukaona ngozi. Ulikuwa uwanda wa kiangazi mzima kwenye mkono wa mtu mmoja. Nilipita kwa mwenyekiti, nikarudi nikamwomba. Akasema uso hapana, mikono sawa, na chungu ninunue. Chungu kiko hapa studio. Nimebeba modo wawili kilomita zaidi ya elfu kutafuta mwili na ardhi, na mama huyu alikuwa amekaa navyo mapajani.

Kwa wanaouliza gharama, mafuta yamekula 390,000, na blanketi ndiyo fedha niliyoitumia vizuri kuliko zote.

Modo wa Gangilonga, 21 Juni

Kaka asante kwa kuandika na lile la aibu. Shangazi huyo nampa shikamoo yangu mara mbili. Swali moja tu: zile tisa za Kitulo ziko wapi?

Dereva wa Tanzam, 22 Juni

Gia ya kwanza na ya pili nimekusamehe. Mimi pia nasubiri hizo tisa, jua la Kitulo na barafu kwenye nyasi nalijua, lazima ni moto.

FundiPicha Uyole, 22 Juni

Dada yangu, dereva, hazipo.

Jioni ile Matamba tulikaa watano kuzitazama kwenye kompyuta, kama tulivyoandikiana. Ya saba katika zile tisa ilipotokea seremala alipiga mluzi bila kukusudia. Kijana wangu wa studio akaniangalia. Dada aliitazama muda mrefu kuliko sisi wote, akasema, "Ni nzuri sana. Siitaki. Nyie mnaona jua, mimi nakumbuka nilichokuwa nasikia." Nikamuuliza kama anataka kulala aamue asubuhi. Akasema hapana.

Nilifuta zote tisa, kwenye kadi kwanza, halafu kwenye kompyuta, halafu nikafungua lile pipa la takataka la kompyuta nikamwaga na huko. Shangazi alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu na kikombe chake. Wengi mtaniambia ningebakisha nakala moja yangu mwenyewe. Mkataba niliuandika mimi, na sahihi ya kwanza pale chini ni yangu. Msiniombe niwaeleze ilivyokuwa.

Kitulo tunarudi Februari, maua yakiwepo. Mwezi amechagua yeye, na anakwenda kuomba kibali mwenyewe kwa jina lake. Dereva, gari inayovuta miguu yote minne unakodisha shilingi ngapi kwa siku?